Mwaka Tuliokula kwa Ruhusa ya Simu

Mwezi uliopita watu wa mochari walituambia tulete nguo za Mama, na mimi ndiye nilizipanga. Huyu Mama ninayemsema ni mama mzaa bwana yangu, lakini nimemwita Mama kwa muda mrefu hadi hilo neno la mkwe siwezi kulitumia kwake. Nikatoa gauni ya bluu ya kanisa, kitambaa cheupe cha kichwa, soksi, na viatu vyeusi vya mpira, vya kufunga kamba. Wifi yangu mkubwa alikuwa amekaa kwa kitanda akinitazama. Akasema viatu si lazima, kwa jeneza watu wanaona uso tu, miguu itafunikwa na shuka. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka, sisi wote tulikuwa tumechoka, matanga yanamaliza watu nguvu hata kabla hawajalia. Nikamwambia nitabeba tu. Akauliza ni vya nini. Nikaangalia vile viatu nikaona kumjibu kutachukua mwaka mzima, na gari lilikuwa linangoja nje. Lakini tangu tumzike, hilo swali halijatoka kwa kichwa yangu, na huo mwaka ndio nimekaa hapa kuandika.

Nilikuwa nimegonga miaka arobaini. Asubuhi nilikuwa napanguza maofisi mjini, na jioni naenda shule, ile ya watu wazima, tunakalia madawati ya watoto wadogo, magoti yanakaribia kidevu. Nilitaka cheti cha Form Four. Sikuwa nataka kitu kingine kwa huo mwaka, na nilikuwa nimemwambia Mungu hivyo wazi. Halafu siku moja Baba Felix, bwana yangu, akarudi nyumbani akiwa amemshika mamake mkono. Walikuwa wametoka kwao ziwani, huko mbele ya Bondo, na mguu wa kushoto wa Mama ulikuwa umefungwa na leso. Alikuwa amekanyaga mfupa wa mbuta, ule samaki mkubwa wa ziwa, pale ufuoni, mfupa ukaingia kwa kidole kidogo, na yeye hakusikia. Alitembea nao ndani ya mguu mpaka jirani akauliza hiyo harufu ni ya nini. Sukari ilikuwa imeua nyayo zake, na hakuna mtu alikuwa anajua ako na sukari.

Kwa kliniki tulipata daktari mpole, mtu wa kuongea chini chini, na hiyo ndiyo ilinitisha zaidi. Alisafisha kidonda, akakaa kwa kiti, akamwangalia Baba Felix kisha akaniangalia mimi. "Dawa nitampea, na sindano," akasema. "Lakini chakula ni yenu. Sukari isiposhuka, hii kitu itaendelea kupanda, na tutakata hapa." Akachukua kalamu yake akachora mstari kwa ngozi ya Mama, juu kidogo ya kifundo cha mguu, ndio tuelewe vizuri. Mama alivuta leso akafunika huo mstari, vile mama hufunika titi mtoto akimaliza kunyonya. Jioni mimi ndiye nilimwosha. Nikapaka sabuni, nikasugua pole pole, mstari ukakataa kutoka. Kesho yake bado ulikuwa hapo, na kesho kutwa, na hata ulipoisha kwa ngozi mimi nilikuwa nauona kila nikifungua bandeji.

Sasa, kwetu mzazi hawezi kulala kwa nyumba ya kijana wake aliyeoa. Watu wengine wa mjini wameacha hayo, wanasema nyumba ya kukodi si boma. Mama hakuwa ameacha. Alikaa kwa kiti chetu akanywa maji, na giza lilipoanza kuingia akasimama na ule mguu wake akaenda kusimama nje kwa mlango, kama mgeni ambaye gari lake limechelewa. Ilikuwa lazima tumtafutie mahali. Bahati, Mungu ni mwema, chumba cha pili kwa hiyo ploti yetu ya mtaa wa Manyatta kilikuwa wazi, tukakichukua. Kilikuwa kachumba kamoja, dirisha moja linaangalia kamba za nguo, tukaweka kitanda, meza ndogo, jiko la mkaa na mkeka. Ukuta kati ya chumba chake na chetu haukuwa umefika juu kwa mabati. Fundi aliachia hapo, sijui simenti iliisha ama mwenye ploti alichoka. Kwa hivyo tulikuwa nyumba mbili kwa macho ya mila, lakini nyumba moja kwa masikio. Nilikuwa nasikia Mama akigeuka kwa kitanda. Nilikuwa namsikia akiomba, anataja watoto wake wote na mabwana na mabibi zao, na mimi alikuwa ananitaja kwa jina lile alinipa tangu niolewe, nyar Seme, msichana wa Seme, kwa sababu kwetu ni huko.

Hiyo maneno ya kuuliza simu nilipata kwa shule. Mwalimu wa biolojia, mama mmoja mkali mwenye sauti ya kukwaruza, alituchorea kwa ubao vile vyakula vinaingia kwa damu. Akasema kuna chakula kinakimbiza sukari juu kama moto wa nyasi, na kuna ingine inaiacha itambae, na kila chakula kimepewa namba yake. Niliandika mpaka kalamu ikakwama. Mwenye tulikuwa tunakaa dawati moja aliitwa Mama Blessing, anauza mitumba kwa soko ya Kibuye, mama wa kucheka sana. Akaniona vile nimekunja uso. Akachukua simu yangu chini ya dawati, akatafuta app moja akaiweka, akanirudishia. Ukiandika chakula, inakuletea namba na rangi. Kijani ni kula. Njano ni kula na akili. Nyekundu ni kuacha. Nilishukuru Mungu hapo hapo kwa dawati. Nilikuwa nimeomba anionyeshe njia, na njia ikakuja na rangi kama za barabara.

Lakini hiyo app haikuwa ya huku. Ilikuwa inajua mikate aina nyingi ambayo sijawahi kuona, na matunda ya baridi, na vitu vya kumwagia maziwa asubuhi. Ukiandika ugali inanyamaza. Ukiandika nyoyo, ile mahindi na maharagwe yetu, inanyamaza. Osuga, ile mboga chungu ya mnavu, nilipoandika kwa jina la Kiingereza lenye mwalimu alitupea, ikaniambia huo ni mmea wa sumu, na Mama alikuwa amemaliza sahani nzima na akalala vizuri. Kwa hivyo nikawa natafuta kila kitu vipande vipande. Mahindi, nyekundu. Mtama usiokobolewa, mwanzo wa njano. Maharagwe, kijani. Viazi vitamu vya kuchemsha, njano, lakini ukivichoma kwa jivu vinakuwa nyekundu, kiazi ni kile kile. Samaki haikuwa na namba kabisa, na hapo Mama alifurahi, akasema hata hao wazungu wanajua samaki ni ya watu. Kibuye nilikuwa nasimama mbele ya mwenye kuuza nikiwa nimeshika nduma mkono mmoja na simu mkono mwingine, bando linaisha, na jua linanichoma shingo. Wale wamama walinizoea. Mmoja akawa kila Jumamosi ananiita kwa sauti, "Mama wa simu, kuja uulize nyanya zangu kama zimeokoka." Wenzake wanakufa na kicheko. Nami nacheka, kwa sababu ukikosa kucheka utakaa chini pale kwa matope ulie.

Mama naye aliipa simu jina. Alikuwa ameolewa kwa boma la wake watatu, yeye wa pili, na wale wengine walikuwa wameshatangulia kaburini. Siku moja nilimletea ndizi, kabla sijaiweka mezani nikatoa simu kuangalia, kwa sababu ndizi ikiiva sana rangi inabadilika. Akaniangalia mpaka nikamaliza.

"Nyieka anasema nini?" akauliza. Nyieka ni mke mwenza.

"Anasema nusu, Mama."

"Nilijua. Mke mwenza hawezi kusema ule nzima."

Tangu siku hiyo simu ikawa nyieka. Nikichelewa kufika na chakula, anauliza kama nyieka amekataa kufungua mlango. Chai ya maziwa ilipoisha kwa maisha yake akaanza kunywa strungi, chai isiyo na maziwa, bila sukari, akawa anaishikilia kwa mdomo kama dawa, kisha anasema kwa Kijaluo, taratibu, kwamba nyieka huyu ni mbaya kuliko wale wa kwanza, wale angalau walikuwa wanaiba sukari wakamwachia kidogo.

Kila jioni ilikuwa hivyo. Natoka kazini, napitia kwa mwenye mashine kusagisha mtama, nafika nawasha jiko, nafungua bandeji, naosha kidonda na maji ya chumvi vile sista wa kliniki alinionyesha, nanawa, napika ugali, napika mboga, naangalia simu, napakua. Chakula cha Baba Felix naweka mezani kwetu. Cha Mama nabeba kwa sinia nimefunika na kitambaa, napiga hodi kwa mlango wake, naweka mezani, namwagia maji ya kunawa, namwombea, halafu nakimbia shule. Nilikuwa nafika mwalimu ameshaanza. Kuna siku nililala na kitabu cha biolojia kwa uso, Mama Blessing akanipiga kiwiko, mwalimu akasema kwa sauti wacheni huyu alale, amesoma zaidi yenu nyumbani kwake. Felix, kijana wetu, alikuwa bweni, angalau huyo alikuwa anapikiwa na serikali. Sijui nilikuwa natoa wapi nguvu. Nikikumbuka saa hizi naona kama ninaangalia mwanamke mwingine kutoka juu ya hayo mabati, nataka kumwambia kaa chini kidogo.

Na ugali wa Mama haukuwa ugali wa mchezo. Hapa ndipo inabidi nieleze kwa mtu wa mbali. Kwetu huwezi kumtumia mama wa bwana yako kipande cha ugali. Kipande ni cha mtoto, ama cha mtu amekuja kuomba. Mama unampelekea ugali mzima, umegeuzwa kwa sahani, umelainishwa na maji juu mpaka unang'aa, mviringo, haujakatwa na mtu. Ukubwa wake ndio salamu zako. Wakati niliolewa, Mama mwenyewe aliwahi kunisimulia mke mmoja wa jirani ambaye alituma ugali mdogo kwa mama mkwe, na ule ugali ulitembea kijiji kizima kwa midomo ya watu. Kwa hivyo mimi nilikuwa napima vizuri. Mtama simu ilikuwa imeruhusu. Mboga kijani, samaki hana namba. Nikaona heshima na afya zimekubaliana, nikawa nasonga ule ugali wa kahawia kama wa wanaume wawili wametoka kuvuta nyavu. Na sahani ilikuwa inarudi safi. Kila siku safi, hata mchuzi umepanguzwa. Baba Felix akiona hiyo sahani anafurahi. Anasema mgonjwa mwenye anakula hivyo anapona.

Hakupona. Mwezi ukaisha tukarudi kliniki, namba ya sukari iko juu. Mwezi mwingine, juu. Kidole kidogo kikaanza kuwa cheusi kutoka kwa ukucha. Daktari akaguza pale kwenye alikuwa amechora mstari, bila kalamu sasa, kidole chake tu, akasema mara ijayo tutaongea maneno ya hospitali kubwa. Sista akanivuta kando kwa korido. Akaniuliza kama Mama anakula vitu kwa siri. Akasema wazee wanafanya hivyo sana, wanaficha peremende kwa leso. Nikamwambia hapana, lakini hilo neno liliingia kwangu kama mwiba. Kulikuwa na rafiki ya Mama anaitwa Zilpa, mjane wa hapo nyuma ya ploti, anauza omena, dagaa wale wa ziwa, anakuja kumpigia stori. Nikaanza kumwangalia Zilpa mikono. Nikawa naangalia chini ya mto wa Mama nikitandika kitanda, naangalia nyuma ya jiko, nanusa kikombe. Sikupata kitu. Nikaomba, nikafunga siku nzima nikifanya kazi, nikamwambia Mungu kama ni mandazi anionyeshe hayo mandazi. Baba Felix akasema pengine hiyo simu ni ya uongo, mamake arudi nyumbani akale chakula chake kwa amani. Nikamwuliza arudi na miguu mingapi. Hatukuongea mpaka kesho yake.

Jumapili moja baada ya kanisa nililala kwa kitanda na nguo zangu zote. Mvua ilikuwa imepiga mabati kisha ikanyamaza, ile kimya ya baada ya mvua ambayo unasikia hata mtu akiweka kijiko. Zilpa alikuwa upande wa pili na Mama. Wanaongea Kijaluo, wanacheka habari ya pasta na viatu vyake vipya. Nikawa karibu kusinzia. Halafu nikasikia Zilpa anauliza kama mguu uko namna gani, na Mama akasema mguu unaenda.

"Kwani hiyo chakula ya simu haisaidii?" Zilpa akauliza.

"Chakula ndiyo inanimaliza. Nyar Seme analeta ugali mzima, Zilpa. Mzima. Nakula mpaka machozi yanatoka. Kifua kinauma nikilala."

"Si uache ingine kwa sahani?"

"Niache aje? Huyu mtoto anatoka kazi, anaenda shule, na hapo katikati anasimama kwa moto kwa sababu yangu. Anaosha hii uchafu ya mguu na mikono yake. Akiona chakula imebaki atasema nimekataa mkono wake."

Nikasikia Zilpa anacheka pole pole, si kicheko cha furaha. "Basi utakufa na adabu yako."

"Mguu uende," Mama akasema. "Mimi ni mzee, mguu naenda nao wapi. Lakini sitaki asimame siku moja mbele ya watu aseme mama ya bwana yangu alidharau chakula yangu."

Nilikaa kwa kitanda. Nikavaa viatu, nikavua tena, kwa sababu sikujua ninaenda wapi. Hakukuwa na mandazi. Hakukuwa na peremende kwa leso. Mimi nilikuwa natuma mlima ndio nisimwaibishe, yeye anamaliza mlima ndio asiniaibishe, na hapo kati yetu mguu unaoza. Nikachukua simu nikafungua mtama, nikaangalia hiyo rangi yake. Chini kabisa kulikuwa na maneno madogo ambayo sikuwa nimewahi kubonyeza, nikabonyeza. Ikasema hiyo namba ni ya kiasi fulani tu, na ikataja hicho kiasi kwa gramu. Nikatazama mikono yangu nikijaribu kuona hicho kiasi kinakaa namna gani. Ilikuwa matonge machache. Mwenye alitengeneza hiyo app alikuwa anaona mtu mmoja, na meza yake, na sahani yake, na hakuna mtu anamwangalia akila. Hakuwa anajua kuna nyumba ambapo ugali ni maneno kati ya watu wawili. Sikumkasirikia. Angejulia wapi?

Sikumwambia Mama nimesikia. Kwanza, kusikiliza watu kupitia ukuta si kitu cha kujisifia, na pili, angekuwa ameaibika, na tungerudi pale pale. Niliwaza usiku huo na siku ya pili yote nikipanguza madirisha ya watu. Kupunguza ugali sikuweza. Kumwambia abakishe, nikimwambia mimi, itakuwa kama namkataza chakula. Halafu jioni nikisonga ndipo ikaniingia. Ugali mdogo huwezi kumtumia mama mkwe. Lakini ugali wa watu wawili wanaokula pamoja, huo hakuna mtu anaupima, hata uwe mdogo namna gani, kwa sababu hakuna mwenye ametumiwa. Nikasonga ugali wa mtu mmoja wa kawaida. Nikaulainisha mpaka ukang'aa. Nikaweka osuga nyingi, nusu ya sahani, na samaki mmoja wa ngege wa kuchemsha. Nikabeba sinia, nikapiga hodi, na badala ya kumwagia Mama maji peke yake nikanawa na mimi, nikakaa chini kwa mkeka.

Mama akaangalia sinia. Akaniangalia.

"Huendi shule?"

"Nitaenda. Leo nakula na wewe, Mama. Kule kwetu nimechoka kula na mwanaume anaongea habari ya chuma." Baba Felix alikuwa fundi wa kuchomelea huko Kisian, na hiyo ndiyo ilikuwa stori yake yote.

Akacheka kidogo. Akaomba yeye, akabariki chakula, na akabariki, akasema, hata nyieka. Tukala. Yeye akamega upande wake, mimi upande wangu. Mimi nilimega kubwa kubwa, nakula haraka kama mtu wa njaa, na kweli nilikuwa na njaa. Yeye akamega kidogo, anachovya kwa mboga, anatafuta mifupa ya samaki na vidole, ananiwekea nyama ya shavu upande wangu. Ugali ulipofika mwisho kulikuwa na tonge moja limebaki katikati. Nikangoja. Mama akaliangalia, akaosha mkono, akasema, "Maliza, wewe ndiye unaenda kusoma." Hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu aje kwetu Mama anaacha kitu kwa sahani, na haikuwa aibu ya mtu.

Tulikula hivyo mwaka wote uliobaki. Ilibidi nipike mapema zaidi, na bado nilikuwa nafika shule nimechelewa, mikono inanuka samaki, Mama Blessing ananiambia anajua menyu ya nyumba yetu bila kuuliza. Baba Felix alinung'unika kwamba ana bibi lakini anakula kama kapera. Baadaye akaanza kuleta kiti chake nje, anakalia pale kati ya milango miwili na sahani yake kwa magoti, anaongea na sisi kupitia pazia. Mimi nilinenepa. Nguo za kanisa zikakataa. Mama akakonda, lakini kukonda kwa afya, hata macho yakaona vizuri, akaanza kutunga uzi kwa sindano mwenyewe. Simu iliendelea kukaa hapo kwa mkeka karibu na chumvi. Yeye mwenyewe ndiye akawa anauliza, nyieka anasemaje juu ya mahindi ya kuchoma, nyieka anasemaje juu ya maembe, na nikimwambia ni nyekundu anasema basi tukule hiyo nyekundu kidogo sana mbele yake aone hatumwogopi. Tulikuwa tunakula kipande kidogo, sisi wawili. Ilitosha.

Sukari ilishuka pole pole, na mwezi mmoja ikapanda tena bila sababu tukalia wote wawili, kisha ikashuka. Kidole kidogo hakikurudi. Walikitoa. Tulikaa kwa benchi mimi na Baba Felix, na daktari alipotoka alisema wamekata kidole na nyama safi imeanza hapo chini, mguu unabaki. Nilimwomba arudie. Akarudia. Baadaye kwa wodi alipouliza tulibadilisha nini, nilianza kutafuta maneno ya biolojia, na Mama akanikata maneno hapo kwa kitanda, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mtu ya sukari asikule pekee yake." Daktari akaandika kitu kwa faili. Sijui aliandika hilo ama aliandika dawa.

Mtihani nilifanya mwisho wa mwaka. Cheti nilipata, kiko kwa fremu. Biolojia nilipata D, na sijawahi kuona aibu nayo.

Kabla arudi ziwani nilimpeleka kwa kibanda cha Mama Blessing pale Kibuye, tukachagua viatu. Vipana, vya mpira, vya kufunga kamba, aina wauguzi wanavaa. Cha kushoto kilikuwa kinacheza pale mahali kidole hakipo, nikararua kipande cha leso yangu, nikakunja, nikajaza hapo kwa pembe. Akasimama. Akatembea mpaka kwa muuza mahindi na kurudi, wamama wanamwangalia. Kule nyumbani alikuwa anakula na mjukuu ama jirani, sahani moja, na mtu akimletea ugali wake peke yake anamwambia akae chini wale pamoja ama arudi nao. Miaka ikaenda. Kilichomchukua mwishowe ni kifua, si sukari, na alikuwa ametembea kanisani Jumapili mbili kabla.

Kwa mochari mama anayevalisha alikuwa mtu wa haraka. Gauni ikaingia, kitambaa kikafungwa. Alipofika kwa miguu akaniangalia, nikamwambia hiyo wacha ni yangu. Wifi yangu alikuwa amesimama kwa mlango na leso kwa pua. Nikavalisha soksi. Mguu wa kulia ukaingia kwa kiatu bila shida. Kwa kile cha kushoto nikaweka kidole ndani kuhakikisha, na kile kitambaa kilikuwa bado hapo, kimekuwa kigumu, kimechukua umbo lake. Wifi akakaribia. Nikafikiri atasema tena kwamba shuka itafunika. Akainama upande ule mwingine, akashika kamba za kiatu cha kulia, akaanza kufunga, na mimi nikafunga cha kushoto.